Mashine Iliyokuja Bila Miguu

Mmenionyesha picha ya mashine ya kukaanga kahawa, mmenitajia bei yake, halafu mmekaa kimya mnisikilize nitasemaje. Nasema hivi: hiyo mliyonitajia si bei. Hiyo ni bei ya mashine ikiwa bado mlangoni kwa aliyeitengeneza, huko kwao, inanyeshewa mvua ya kwao. Ninyi mnaitaka Mbozi. Kati ya mlango wake na mlango wenu kuna bahari, kuna bandari, kuna forodha, kuna lori, na kila mmoja hapo amekinga mkono. Nani kati yenu amewauliza hao wanataka nini? Mnacheka. Chekeni tu, hata sisi tulicheka.

Mimi nimekaanga kahawa zaidi ya miaka thelathini, pale Tunduma, tangu enzi za Mwingereza. Nimeacha kwa sababu ya macho, maana kahawa hukaangwa kwa pua na masikio lakini mwisho lazima uione rangi. Msiniulize mwaka gani lilitokea lipi. Miaka inanichanganya, vitu havinichanganyi. Mashine yetu ya kwanza naweza kuwaambia kila skrubu yake ilikaa wapi.

Aliyeinunua ni shemeji yangu Gidioni, mume wa dada yangu Marta. Gidioni alikuwa Mnamwanga wa Tunduma, na ujana wake wote aliumaliza chini ya ardhi kwenye migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini. Safari ile alirudi likizo ndefu, na sanduku la bati, suti moja, na kikohozi. Jamani, kikohozi kile! Akianza, mazungumzo yote ya nyumbani yalisimama, tukakaa tunamsubiri amalize kama watu wanaosubiri mvua ipite. Dada Marta alikuwa na neno moja tu: mume wangu harudi tena chini ya ardhi. Aliniambia, "Mdogo wangu, huyu akirudi mgodini watanirudishia sanduku tupu." Na Gidioni naye alikuwa na neno lake: mwanaume hawezi kukaa bila kazi. Kule mgodini nafasi yake walikuwa wamemshikia mpaka likizo iishe. Basi mashine ndiyo iliyokuwa kazi. Ikikubali, anabaki. Ikikataa, anavuka mpaka. Ndivyo jambo lilivyokuwa, wala halikuwa na mlango wa tatu.

Lakini kabla ya mashine tulikuwa na vyungu. Dada Marta alianza kuuza kahawa kwa abiria wa malori pale mpakani wakati mumewe yuko Rodesia, akaniita kutoka Mbozi nije kumsaidia, kwa kuwa mimi nilikulia kwenye kahawa ya baba yetu. Nilikuja najiona fundi. Weee! Kulima kahawa na kuikaanga ni mambo mawili. Siku ya tatu nilikaanga chungu kizima vizuri kabisa, rangi safi, nikaimwaga yote kwenye ungo ikiwa lundo, nikaenda zangu kusimuliana habari na jirani. Sikujua kwamba kahawa ikishatolewa motoni inaendelea kuiva yenyewe kwa joto lake. Niliporudi ilikuwa nyeusi tii. Nikaitwanga hivyo hivyo, nikanyamaza. Abiria mmoja Mbemba, mtu wa ng'ambo ya mpaka, akanywa mara moja, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Mukwai," akasema, kama sisi tunavyosema mheshimiwa, "makaa mimi ninayo nyumbani."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifundisha: itandaze, ipepee, igeuze mpaka ishikike kwa mkono. Akanifundisha pia kuisikiliza, maana kahawa inalia mara mbili. Mlio wa kwanza ni mkubwa, unautambua hata ukiwa nje. Wa pili ni mdogo, mwembamba, na huo ukikupita umekwisha. Hayo myaandike, mashine yenu hata ikiwa na umeme na taa kumi, masikio haitawaletea.

Sasa, siku moja akapita pale mpishi mkuu wa kantini ya mgodi wa dhahabu wa Saza, mtu mnene, mpole, anatoka kuwasalimia ndugu zake Nyasa. Akanywa kahawa yetu, akaomba ya pili. Akasema anaweza kutuchukulia gunia zima kila mwezi, lakini kwa sharti: iwe rangi moja. "Siwezi kuwapa watu leo nyeusi, kesho kahawia," akasema. "Wataninyanyua mimi na sufuria yangu." Akatuambia tukiwa tayari tumpelekee sampuli ratili thelathini, zote za aina moja.

Ratili thelathini za rangi moja, kwa vyungu! Tulijaribu. Kila chungu kilikuwa na tabia yake, na mimi mkaangaji, ninayechoka kidogo kidogo, nina tabia yangu. Gidioni aliangalia kwa siku mbili, akasema tunahitaji mashine.

Hapo ndipo akatokea binamu yake Simoni wa upande wa pili wa mpaka, mtu ambaye hajawahi kukosa habari ya kitu kinachouzwa. Alikuwa na habari ya hoteli moja huko inayouza mashine yake ya zamani kwa bei ya kutupa. Gidioni akanichukua twende kuiona. Kwa nje iling'aa, wameipaka rangi juzi. Mimi nikafungua kimlango cha pipa nikaingiza kichwa. Ilinuka karanga na mafuta ya taa. Chuma kina kumbukumbu, vijana wangu, kilichokaangiwa jana utakinywa kesho. Gidioni yeye akalizungusha pipa kwa mkono akasikiliza, kisha akaligonga kwa mpini wa kisu, hapa, hapa, na hapa. Mahali pamoja likatoa sauti ya mgonjwa. Alikuwa amekaa na vyuma miaka mingi, akajua: lina ufa chini ya rangi.

"Rahisi ni ghali, Simoni," akasema.

Simoni hakukata tamaa. "Lakini hutalipa forodha, ndugu yangu! Nina njia zangu. Tutaivusha kwenye majani, na mafundi wa ufa wapo."

"Mashine haifichiki," Gidioni akamjibu. "Ukishaipitisha kwenye majani, itakuja siku itaanza kunguruma, na kila anayepita atauliza imetoka wapi. Wakiichukua, nimekwisha. Sina pesa ya kununua mara mbili."

Basi mkienda kununua mashine kuukuu, fanyeni hayo matatu: nusa, zungusha, gonga. Unene wa pipa ndio uzima wa mashine. Pipa jembamba linapata moto upesi, linapoa upesi, linakuyumbisha kama mume mlevi. Pipa nene linachelewa kupata moto, lakini likishaupata limeupata.

Gidioni akaandika barua kwa wakala mmoja Dar es Salaam, Kiingereza chake cha mgodini, kifupi na kikali, kuulizia mashine mpya. Majibu yalikuja na karatasi ndefu ya gharama. Akaisoma kwa sauti jioni, Dada anachambua maharage. Bei ya mashine. Bima. Nauli ya meli. Gharama ya kupakia. Gharama ya kushusha.

"Ngoja," Dada akasema. "Wanatutoza kuipakia?"

"Ndiyo."

"Na wanatutoza tena kuishusha?"

"Ndiyo."

"Kwani wao walitaka ibaki melini?"

Tulicheka sana, mimi na Dada. Gidioni hakucheka. Aliendelea kusoma: ushuru wa forodha, treni mpaka Itigi, lori kupitia Chunya mpaka Mbeya, lori jingine mpaka kwetu. Alipofika chini kabisa akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni, akatoka nje kukohoa. Pesa za miaka yote ya shimoni zilitosha mashine lakini hazikutosha safari yake.

Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa nzito. Halafu Gidioni akaitoa tena ile karatasi, safari hii na picha ya mashine, akavitandaza juu ya mkeka. Alikuwa amegundua kitu. Meli haikuwa inatoza thamani, ilikuwa inatoza uzito au nafasi, kile kitakachowafaa wao. Na uzito wa mashine ulikuwa wapi? Kwenye miguu ya chuma cha kuyeyushwa, kwenye jiko la chini, kwenye sinia kubwa la kupozea. Vyote hivyo vyuma tu, havina ujuzi. Ujuzi ulikuwa kwenye pipa, mhimili, gia na beringi.

"Kwa nini ninunue miguu Ulaya?" akasema. "Wanyiha mnafua majembe tangu babu wa babu zenu. Tabita, kwenu hamuwezi kunifulia miguu?"

"Tunaweza kukufulia mpaka kichwa," nikamwambia.

Kwa hiyo tukaagiza mashine bila miguu, bila jiko, bila sinia, na gharama ikashuka mpaka pesa zikatosha. Mimi nikaongeza langu. Nilimwuliza, pipa litakuja na nini ndani? Akasema halitakuwa na kitu, ni pipa. Nikasema, yaani tunalipa nauli ya hewa? Mama yetu akisafiri na chungu kipya hukijaza mayai na pumba, hakuna nafasi inayosafiri bure. Gidioni akanitazama kama aliyeniona leo. Akaandika: gia, beringi, kijiko cha kuchungulia kahawa, na gia nyingine ya akiba, vyote vifungwe ndani ya pipa. Na akaandika wataje kila kitu kwenye orodha, kimoja kimoja, maana wakala alituonya: orodha na kilichomo kwenye kasha vikipishana hata kwa kitu kidogo, kasha linakaa bandarini mpaka ieleweke, na kukaa nako kunalipiwa. Hilo nalo liandikeni. Wengi wanaoumizwa na bandari wanaumizwa na karatasi.

Mashine yenyewe tuliitaka ya kuzungushwa kwa mkono. Injini ingekuwa ghali, na mafuta yake, na fundi wake. Mikono ilikuwepo.

Kasha likafika, baada ya kusubiri hadi tumesahau kusubiri. Tulipolifungua, pipa lilikuwa jeusi, nene, halina hata mkwaruzo, na tumboni mwake vile vitu vimefungwa kwa karatasi ya mafuta. Gidioni alilipapasa muda mrefu. Dada Marta alimwangalia yeye, si pipa.

Sasa naingia kwenye kosa, na kosa hili ni letu, hatuwezi kumsingizia Mzungu wala forodha.

Mhunzi aliyesifika kule kwetu Mbozi alikuwa Mzee Halinga. Mikono yake ilikuwa imara, maneno yake machache. Lakini kwa wahunzi wa Kinyiha kulikuwa na mwiko: mwanamke asikaribie moto wa chuma. Hata mke wa mhunzi chakula anakiweka njiani kinafuatwa. Hivyo aliyekwenda kumweleza kazi ni Gidioni. Mimi, niliyekuwa nakaanga kila siku, nilibaki Tunduma na kumtuma maneno. Nikamwambia, "Mwambie moto utembee." Akasema sawa.

Kumbe alipofika, Mzee Halinga akamwuliza, "Unataka moto wa namna gani?" Na shemeji yangu, ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kugeuza hata punje moja kwenye chungu, akajibu, "Mkali, Mzee. Wa kutosha." Lile la moto kutembea aliliona maneno ya wanawake, akalimeza.

Mzee Halinga akatengeneza anachokijua. Miguu minne mizuri, imesimama wima kama askari. Sinia safi. Na jiko la chini, refu, jembamba, lenye mdomo wa kupulizia mivukuto. Kwa kweli lilipendeza. Ungeweza kuyeyushia jiwe.

Tukafunga kila kitu, tukawasha, tukamimina kahawa. Gidioni akazungusha. Haikuchukua muda moshi ukajaa, na mimi napiga kelele toa, toa! Tukaimwaga kwenye sinia. Punje upande mmoja makaa, upande mwingine rangi ya majani makavu, na ukiivunja ndani bado mbichi. Tukapunguza moto, tukajaribu tena. Ikawa ile ile. Mara ya tatu Dada ndiye aliyezungusha, huku akiomba Mungu kwa sauti. Nusu makaa, nusu mbegu.

Gidioni hakukasirika. Afadhali angekasirika! Alinawa mikono, akavaa koti, akaenda kwa wale waandikishaji wa watu wa mgodini, akaandikisha jina. Lori lingeondoka baada ya wiki mbili, Jumatatu. Alirudi akatuambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema amenunua chumvi. Dada Marta akaanza kupiga pasi mashati yake. Alipiga pasi shati moja mara nne. Niliingia nikaona mkaa wa pasi umezimika zamani na yeye bado anapiga.

Hapo ndipo hasira zilinipanda. Nilimkasirikia Gidioni, nikamkasirikia mhunzi, nikajikasirikia mwenyewe kwa kutuma maneno yangu mdomoni mwa mtu asiyeyajua. Asubuhi nikapanda lori la mahindi mpaka Mbozi, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Halinga. Nilisimama pale njiani chakula kinapowekwa. Hatua moja zaidi sikwenda, sikutaka kumvunjia mzee mwiko wake. Lakini sauti haikuwa na mwiko, nikaita.

Akatoka na nyundo mkononi. "Binti, hapo hapo!"

"Nimesimama, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kama kuna neno, mtume baba yako aje aseme."

"Baba hajui, Mzee. Na shemeji hajui. Anayejua ni mimi, na mimi siruhusiwi kufika."

"Anayejua nini?"

"Moto."

Nilisikia vijana wake ndani wakiguna. Mzee akanitazama, uso hauna habari. "Yaani mimi Halinga sijui moto?"

"Unajua moto wa chuma, Mzee wangu, hakuna akushindaye. Mimi nasema wa kahawa. Jiko lako limeunguza kahawa mara tatu, na shemeji yangu ameandikisha jina arudi mgodini, na kifua chake unakijua, umemsikia alipokuja hapa." Nikaanza kulia bila kutaka. "Hakukueleza vizuri. Nami ningekuja kukueleza, lakini siwezi kuja."

Nikaanza kufikiri atanilaani. Mwishowe akaiweka nyundo chini, taratibu.

"Mwiko unasema mwanamke asije kwenye moto wangu," akasema. "Haujasema mimi nisije kwenye wako."

Kesho yake alikuja nyumbani kwa mama yangu, ameoga, amevaa shuka safi. Mama yangu alipoona mhunzi mzima anainama kuingia jikoni, nafasi ya wanawake, akashika kichwa. "Mweh! Mzee, ngoja tukupe kiti nje!" Akakataa. Akakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, magoti yamemfika kidevuni, akasema, "Kaanga, nione."

Nikakaanga. Nilipovuta kuni mbili nje akauliza, "Mbona unauzima?"

"Siuzimi, Mzee. Kahawa imeanza kunukia kama mkate. Kuanzia hapa inajipika yenyewe, moto ni wa kuisindikiza tu."

Akazungusha kiganja kando ya chungu, upande huu, upande ule, nyuma. Alikuwa anapima joto kwa ngozi kama anavyofanya kwake. Nikamwonyesha ninavyoyatawanya makaa yafike kila upande, kisha nayarudisha. "Ndiyo maana nilisema moto utembee," nikamwambia. "Punje zinazunguka, sasa moto ukikaa mahali pamoja, kila punje ikipita pale inaumwa."

Akakaanga mwenyewe chungu cha pili. Ndiyo, Mzee Halinga alikaanga kahawa jikoni kwa mama yangu! Mlio wa kwanza ulipotoka akashtuka, nami nikacheka, naye akacheka, mara ya kwanza kumwona meno. Kisha akasema, "Binti, nilimtengenezea shemeji yako moto wa kuua. Nimekosea."

Sikujua nitazame wapi. Mzee wa heshima ile, mbele ya mama yangu, kumwambia msichana nimekosea! Nilimpigia magoti.

Alifua siku nne. Jiko jipya lilikuwa pana, la kina kifupi, urefu wote wa pipa, na chini yake kibati cha matundu cha kuvuta na kusukuma, ukitaka hewa unafungua, hutaki unafunga. Kabla hajaliwekea miguu yake alikuja tena akaomba mkono wangu, akapima kwa ujiti. Umbali kati ya moto na pipa ukawa kiganja changu na vidole viwili. Mpaka ninaacha kazi, nimekaangia mashine tatu, na kila moja umbali niliuweka huo huo.

Jiko lilipofika Tunduma, Gidioni alitusaidia kulifunga kama anavyomsaidia jirani, bila kutazama sana. Tukakaanga mimi na Dada. Punje zilitoka sinia zima rangi moja, kama zimezaliwa siku moja. Dada akazichota, akaziachia, akazichota tena. Hatukuwa na muda wa kufurahi, zilikuwa zimebaki siku sita. Nikabeba ratili thelathini, nikapanda lori la Mbeya, kisha la Chunya, nikashuka Mkwajuni, na Saza nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Yule mpishi alimimina kahawa yote kwenye sinia nyeupe. Akaichanganya, akatafuta punje iliyopotoka. Akachukua moja akaivunja kwa meno, akaangalia ndani, akachukua nyingine kutoka chini kabisa, akavunja. "Gunia moja kila mwezi," akasema. "Tuanze." Nikamwomba aandike. Akaandika kwa penseli nyuma ya karatasi ya sukari, akatia sahihi.

Nilirudi Jumapili jioni nimechoka, nimeishika karatasi ile safari nzima. Nikampa Gidioni. Akaisoma, akanirudishia.

"Umefanya kazi kubwa, shemeji," akasema. "Lakini gunia moja si kazi ya mwanaume mwenye nyumba. Na migodi hufungwa. Kantini ikifungwa, je?"

Hakusema uongo. Mgodi ule kweli ulifungwa baadaye, tukahangaika, tukapata wanunuzi wengine kwenye misheni na kwenye maduka ya Mbeya. Lakini siku ile nani alijua? Nilitaka kumjibu, Dada akaniminya mkono. Aliondoka akaenda kukaanga.

Jumatatu asubuhi lori la mgodini lilisimama pale mpakani. Watu walikuwa wengi, wake zao, watoto, vifurushi. Sisi tulikuwa pale na kahawa kama siku zote, kahawa ya mashine, ya kwanza kuuzwa. Sanduku la Gidioni lilikuwa chini kando yake, limefungwa kamba. Watu wakaja kunywa kwa wingi kuliko tulivyozoea, mikono yangu na ya Dada haikutosha, na Gidioni, akiwa na koti lake la safari, akachukua birika moja akaanza kutusaidia kumimina. Mmoja akanywa akasema, "Hii mmeitoa wapi?" Gidioni akasema, "Hapa hapa. Ni mashine yangu." Nilimsikia kwa masikio yangu. Kisha akamweleza yule mtu habari ya pipa nene.

Dereva akapanda kwenye ngazi ya lori na orodha yake, akaanza kuita. Aliyeitwa alipanda. Wanawake wengine walilia, wengine walipunga tu.

"Gidioni!" akaita.

Gidioni akasimama na birika mkononi.

"Gidioni!"

Shemeji yangu alilitazama lori, akakitazama kikombe alichokuwa anakijaza, na mtu mwenye kikombe alikuwa bado amekinyoosha, anasubiri.

"Gidioni! Yupo au hayupo?"

"Hayupo!" Ilikuwa sauti ya Dada Marta, na haikutetemeka hata kidogo. "Huyo yuko kazini."

Dereva akamtafuta aliyesema, akamwona. Akamwona na Gidioni, na koti, na sanduku. Gidioni akamgeukia mkewe, wakatazamana, na mimi nikafikiri, sasa atamkaripia mbele za watu. Akainamisha birika, akamalizia kukijaza kile kikombe, akamwambia yule mtu, "Angalia, ni ya moto."

Dereva akailamba penseli yake, akalikata jina, akaita lililofuata.